Posa ya Binti wa Galaksi

Hajati Rehemah aliteremka kwenye pikapu mbele ya nyumba ya Mzee Kamisi, pale Koboko, akiwa mwekundu kama tofali. Alipoondoka Arua asubuhi ile mtandio wake ulikuwa mweupe, umepigwa pasi na kufukizwa udi. Lakini ulikuwa mwezi wa pili wa mwaka tisini na tisa, mvua haijaonekana tangu kabla ya Ramadhani, na barabara ilikuwa imemvika vazi jingine. Aliukung'uta mtandio mara moja, akalitazama vumbi lililoruka, akaamua kuuacha kama ulivyo.

Nyuma yake alishuka Nasuru, mtoto wa kaka yake, aliyemlea kama wa kumzaa. Nasuru alikuwa daktari wa mifugo. Siku nyingine zote za juma ungemkuta juu ya pikipiki, amevaa buti za mpira, akizunguka vijiji vya Ayivu kuchanja ng'ombe na mbuzi. Leo alikuwa amevaa kanzu ya kuazima iliyoishia katikati ya miguu, maana mwenye kanzu alikuwa mfupi na Nasuru alikuwa mrefu kama mtama uliokosa kuvunwa.

Madina, binti wa Mzee Kamisi, alimwona kwa upenyo wa pazia la dirisha, akaziba mdomo kwa kiganja asicheke. Nasuru akageuza uso, akaliona pazia likitikisika, akajua. Macho yao yalikutana kwa muda mfupi sana, lakini Madina alihisi moto umempanda kutoka shingoni hadi masikioni. Walikuwa wamependana tangu Makerere, yeye akisoma fizikia na Nasuru akisoma utabibu wa wanyama. Walianza kwa kuzungumza Kiswahili tu, kwa sababu yeye alikuwa Mkakwa na Nasuru Mlugbara, na katika ukumbi mkubwa wa chakula wa chuo Kiswahili kilikuwa kama nyumbani kwa wote wawili. Kisha Madina akapata nafasi ya kwenda Uingereza kusomea mambo ya anga. Tangu hapo mapenzi yao yakawa ya kungoja.

Sasa amerudi likizo, na leo Nasuru amekuja kuposa.

Wageni walikaribishwa sebuleni, wakaletewa maji ya kunawa, kisha chai ya tangawizi, kisha kuku wa simsim, ule ufuta wa kusagwa, na ugali wa muhogo ambao Kiden, mama yake Madina, alikuwa ameanza kuushughulikia tangu alfajiri. Mzee Kamisi aliyekaa kwenye kiti chake cha mikono alikuwa mchangamfu kuliko kawaida. Aliwahi kuwa askari, akaishi uhamishoni miaka mingi yeye na familia yake, akarudi na kufungua duka la sabuni na mafuta ya taa, na kwa miaka yote hiyo hakuwa mtu wa kucheka ovyo. Lakini alimpenda Nasuru. Mwaka uliopita ng'ombe wake watatu waliugua, wakaanguka, watu wakashauri wachinjwe upesi kabla hawajawa mzoga. Nasuru akaja kutoka Arua, akakesha nao zizini, na hadi leo ng'ombe wale wako hai. Kwa Mzee Kamisi hiyo ilikuwa posa tosha.

Kwa hiyo mazungumzo yalikwenda kama maji kwenye mteremko. Habari za ukoo zikaulizwa, zikajibiwa. Mahari ya ng'ombe ikatajwa, ikakubaliwa bila ubishi. Madina, aliyekuwa jikoni na mama yake, alisikia wanaume wakicheka, akadhani jambo limekwisha. Ndipo Hajati Rehemah alipoweka kikombe chini.

"Sasa tumemaliza habari ya ng'ombe," alisema. "Mimi iko na neno moja tu. Binti yenu anaacha lini ile kazi ya huko Ulaya?"

Jikoni, mwiko ulisimama mkononi mwa Madina.

Mzee Kamisi alisema alidhani jambo hilo kijana ameshalieleza nyumbani kwao. Hajati akamgeukia Nasuru. Akamuuliza ni jambo gani. Na Nasuru, ambaye siku ya Idi alikuwa amemwahidi Madina kwamba atamweleza shangazi yake kila kitu kabla ya kufika Koboko, alitazama ndani ya kikombe chake kana kwamba kuna jibu limezama mle.

Ukimya ule ulimchoma Madina kuliko maneno. Alingoja. Alihesabu pumzi zake mwenyewe akiwa amesimama nyuma ya pazia la mlango wa jikoni, akiamini kwamba sasa atasema, sasa hivi atasema. Badala yake alisikia sauti ya baba yake ikimwita.

Aliingia, akapiga magoti, akamsalimia Hajati kwa adabu, akaketi mkekani. Hajati alimtazama kwa muda mrefu. Hakuwa na uso mbaya. Ulikuwa uso wa mwanamke aliyeuza mihogo sokoni Arua miaka mingi ili mtoto wa marehemu kaka yake asome, na ambaye sasa alitaka kuona matunda.

Alimuuliza kazi yake hasa ni nini, maana Nasuru husema tu kwamba anasomea nyota. Je, ni unajimu? Anapiga ramli?

"Hapana, Hajati," Madina alisema. "Natazama galaksi. Nyota zote unazoziona juu ni za nyumba moja, na nyumba hiyo ndiyo galaksi yetu. Nje yake kuna nyumba nyingine nyingi mno. Mimi natafuta zile za mbali kabisa, ambazo mwanga wake ulianza safari kabla dunia yetu haijakuwapo. Tukiziona, tunaziona jinsi zilivyokuwa zikiwa changa. Tunataka kujua zilikuaje."

"Na umeziona?"

"Zinajificha, Hajati. Zimejaa vumbi."

Hajati aliutazama mtandio wake, akamtazama Mzee Kamisi, akamtazama tena Madina. "Vumbi," alirudia polepole. "Unatoka Koboko, unapanda ndege, unakwenda kutafuta vumbi."

Hata Madina mwenyewe hakuweza kujizuia. Wote walicheka, na dereva wa pikapu aliyekuwa kibarazani akacheka zaidi bila kujua kinachochekwa. Kicheko kilipotulia Madina akamweleza kwamba vumbi la huko ni laini kama masizi, hutoka kwa nyota zilizozeeka na kufa, na hufunika mwanga wa nyota zinazozaliwa. Darubini ya kawaida haioni kitu.

"Ukifika nyumbani kwa mtu ukakuta jiko limejaa moshi, huoni moto," alisema. "Lakini ukiweka mkono ukutani, unasikia joto. Unajua humo ndani mtu anapika, na anapika kwa wingi. Sisi tuna chombo kinachosikia joto la lile vumbi. Kiko mbali na Uingereza, juu ya mlima mrefu wa kisiwani, mahali penye hewa kavu sana, kwa sababu unyevu wa hewa unameza mawimbi yanayoleta joto hilo. Kwa miaka miwili hii watu wamegundua kwamba galaksi nyingine za zamani zilikuwa zikizaa nyota kwa kasi ambayo hakuna aliyeitarajia. Nimepewa nafasi mwezi ujao niende nikatazame zangu."

Kiden alikuwa amesimama mlangoni na sahani mkononi. Hakuwahi kumsikia binti yake akieleza kazi yake kwa urefu namna ile. Alisahau alichokuja kufanya.

Hajati Rehemah alisikiliza hadi mwisho. Alisema ni jambo zuri, na akasema kwa dhati kwamba Madina ni msichana mwenye akili. Kisha akasema kwamba akili si kitu cha kulala nacho. Nasuru ana umri wa kuwa na watoto wawili. Anaamka peke yake, anakula mkate mkavu, na yeye Hajati magoti yanamuuma, hawezi tena kumpikia. Kama Madina anataka kuolewa, aache safari ya mwezi ujao na akae. Kama anataka mlima, basi aende, na Mungu atampa Nasuru mke mwingine.

Madina alimtazama Nasuru. Nasuru alikuwa bado ameinamia kikombe.

Madina akasimama, akaomba ruhusa, akatoka kwa mlango wa nyuma.

Nasuru alimkuta kando ya zizi la mbuzi, amempa mgongo. Mbuzi mmoja alikuwa akitafuna ncha ya kitenge chake na Madina alikuwa amemwacha tu.

"Madina," alimwita.

Hakugeuka. Alisema kwa sauti ya chini kwamba mgeni kuwaacha wenyeji peke yao si adabu, arudi ndani.

"Nimekukosea."

"Uliniahidi siku ya Idi. Nikakuuliza mara mbili, ukasema shangazi nitamweleza. Kumbe umenileta niulizwe kama mwizi mbele ya baba yangu, na wewe unatazama chai."

"Niliogopa," Nasuru alisema. "Baba alipofariki kule Zaire, ni yeye aliyenibeba. Sijawahi kumwambia hapana. Kila nikitaka kumweleza naona atakavyohuzunika, nanyamaza."

"Kwa hiyo ukaamua afadhali nihuzunike mimi."

Nasuru aliinama, akaitoa ncha ya kitenge mdomoni mwa mbuzi kwa uangalifu, kama alivyozoea kuwashika wanyama, akaikunjua. Ilikuwa imelowa na kuliwa pembeni. Aliishika mkononi bila kujua aifanyie nini.

"Kuna jambo jingine," alisema. "Hili sijakuambia hata wewe. Siku nyingine niko Ayivu, nimeshika mkia wa ng'ombe, mvua inaninyeshea, nakufikiria uko huko na watu wa darubini. Nawaza, huyu msichana anatazama vitu vilivyokuwapo kabla ya dunia. Mimi atanikumbukia nini? Labda nilinyamaza pia kwa sababu upande mmoja wa moyo wangu ulitaka Shangazi akuzuie."

Sasa Madina aligeuka. Alikuwa amelia, lakini hasira ilikuwa imeanza kumtoka. Lile neno la mwisho lilikuwa la aibu, na Nasuru alilitoa mwenyewe bila kulazimishwa.

"Unajua huko usiku tunafanya nini?" alimuuliza. "Tunangoja. Saa nzima chombo kinatazama mahali pamoja na hatuoni kitu. Wenzangu wanazungumza habari za mpira. Mimi nawaza habari zako. Nawaza kama umekula. Nawaza kama ile pikipiki imekuangusha tena. Mwenzangu mmoja anajua majina ya ng'ombe wa baba yangu wote watatu, kwa sababu nimemsimulia jinsi ulivyowaponya mpaka amechoka."

Nasuru alicheka kidogo. Walikuwa wamesimama karibu mno. Angeweza kumfuta machozi kwa kuinua mkono tu, lakini dirisha la jikoni lilikuwa wazi na Kiden alikuwa na macho. Akamfuta kwa ncha ile ile ya kitenge iliyotafunwa na mbuzi, na Madina akamsukuma kifuani huku akicheka katikati ya machozi.

"Sitaki unitetee huku nyuma ya nyumba, Nasuru," alisema alipotulia. "Huku sote wawili tunakubaliana. Nitetee kule ndani. Na kama huwezi, niambie sasa. Nitaumia, lakini nitapanda ndege nikiwa najua."

Nasuru aliishusha kanzu yake fupi, kana kwamba ikivutwa itaongezeka, akaelekea mlangoni. Madina alimfuata.

Sebuleni Mzee Kamisi na Hajati walikuwa wamehamia kwenye habari za bei ya mihogo, kwa namna ya watu wanaokwepa jambo. Nasuru hakuketi kitini. Alipiga magoti mbele ya shangazi yake.

"Shangazi, naomba unisamehe," alisema. "Madina alinituma nikueleze, mimi sikukueleza. Kosa ni langu. Haachi kazi. Amebakiza miaka miwili ya masomo, ataimaliza, na kila kiangazi atakuja nyumbani. Akimaliza atatafuta kazi ya kufundisha Kampala, na mimi nitahamia huko. Sitaki aache mlima kwa ajili yangu. Na sitaki mwingine."

Hajati alimtazama kana kwamba mgeni ameingia nyumbani. Alimuuliza kama ameelewa atakuwa mwanamume wa namna gani, ameoa na bado anakula mkate mkavu. Nasuru alisema ameelewa. Alimuuliza watu wa soko la Arua watasema nini. Nasuru akasema watasema, kisha watachoka.

Mzee Kamisi aliinua mkono. Kiswahili chake kilikuwa kile cha kambini, kisicho na mapambo.

"Ngoja kwanza. Mimi pia iko na swali," alisema, akamgeukia binti yake. "Hii galaksi yako. Wewe ukiacha, hakuna mutu mwingine atatazama?"

Madina alijua jibu ambalo lingemsaidia. Lakini hakuwa amezoea kumdanganya baba yake.

"Wapo, Baba. Wengi. Nikiacha, wataziona wao."

"Sasa kwa nini wewe?"

"Kwa sababu naipenda kazi hii. Nikiitazama najisikia niko mahali pangu. Sina sababu nyingine kubwa."

Mzee alitikisa kichwa taratibu, akamgeukia Nasuru. "Na wewe. Wasichana Arua iko wengi. Karibu, wanajua kupika, hapana panda ndege. Kwa nini huyu?"

Nasuru alimtazama Madina, naye Madina akainamisha macho mkekani.

"Sina sababu nyingine, Mzee," alisema Nasuru. "Ni kama alivyosema yeye."

Mzee Kamisi aliegemea kiti. Alikuwa karibu kusema kitu, labda jambo la busara na la kiume kuhusu heshima ya nyumba, kwa sababu alianza kwa kusafisha koo. Lakini Kiden, ambaye mchana kutwa alikuwa hajakaa, aliweka sahani mezani na kuketi.

"Mzee, kabla hujasema," alisema kwa upole. "Wewe ulinioa siku ya Ijumaa, Jumatatu ukarudi kambini. Nilikuona tena Madina akiwa anatembea. Sikujua uko wapi. Sikujua utarudi lini. Nani alikuja kumuuliza baba yako kama hiyo ni ndoa?"

Mzee Kamisi aliliangalia paa la mabati, kisha ndevu zake zikaanza kutikisika, na Madina akagundua kwamba baba yake anacheka.

"Huyu mama anaweka maneno kama mtu anaweka akiba," alisema. "Anangoja siku yake." Akasema kwamba upande wake hana pingamizi. Neno limebaki kwa Hajati.

Wote walimtazama Hajati Rehemah. Alikuwa bado anamwangalia Nasuru aliyepiga magoti, na macho yake yalikuwa yamelowa. Alichukua kikombe, akakuta chai imepoa, akakirudisha.

"Huyu mtoto nimemlea tangu hajaota meno ya mbele," alisema hatimaye, akizungumza na Kiden kana kwamba wako peke yao. "Nilimwambia lala, alilala. Nilimwambia soma, alisoma. Nilimpa viatu vinambana, alivaa, akasema ni vizuri. Kila siku nawaza, huyu ataishije na watu kama hajui kukataa? Leo amenikatalia mbele ya watu, na yuko magoti." Alijifuta macho kwa mtandio, akajipaka wekundu shavuni. "Basi amekuwa mume. Ninyi pangeni siku."

Kiden alipiga kigelegele kimoja, kirefu, na majirani waliokuwa wakijifanya wanapita njia wakakipokea nje ya ua.

Siku ikapangwa. Nikaha ingekuwa kabla Madina hajasafiri, sherehe kubwa ingengoja kiangazi kijacho, na Mzee Kamisi akataka ijulikane kwamba sherehe hiyo itachinjiwa ng'ombe mwingine yeyote isipokuwa wale watatu. Walikula tena, safari hii kwa kelele. Hajati alimuuliza Madina maswali mengine mengi: huko mlimani wanaswali wapi, nani anapika, kama kuna wanawake wengine. Madina alijibu moja baada ya jingine. Aliposema kwamba juu kule ni baridi na wakati mwingine theluji huanguka, Hajati alimkamata kiganja na kukigeuza, akakitazama kana kwamba anapima glovu.

Jua lilikuwa limeanza kulegea dereva alipowasha gari. Hajati alipanda mbele. Madina alisogea dirishani, akamshukuru, akamwita Hajati kama alivyomwita tangu asubuhi.

"Hajati wananiita wateja wangu sokoni," alisema yule mama bila kutabasamu. "Wewe niite Shangazi. Na usikae huko juu bila soksi."

"Ndiyo, Shangazi."

Nasuru alitakiwa kukaa katikati, kati ya shangazi na dereva, mahali alipokaa wakati wa kuja. Lakini alizunguka gari, akapanda nyuma penye magunia, akasimama ameshika chuma, ameelekeza uso nyumbani kwa Mzee Kamisi. Dereva alimwambia barabara ni mbaya. Shangazi akamwambia ataharibu kanzu ya watu. Nasuru akasema hapana, atakaa hapo hapo.

Ilikuwa mara ya pili kwa siku moja.

Pikapu iliondoka ikiyumba. Nasuru aliyumba nayo, kanzu fupi ikipepea juu ya miguu yake mirefu, akipunga mkono mmoja, karibu aanguke, akishika tena, akipunga tena. Mzee Kamisi alisema yule kijana atavunja shingo kabla ya nikaha. Madina alisimama katikati ya njia, akicheka na kulia mbele ya baba yake, mama yake na nusu ya Koboko, na hakujifunika uso.